Kitasa cha Gari Lililochinjwa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni dukani kabla hujaufikia ukurasa wangu, nakukumbusha kwa kifupi, maana mikosi yangu haijui kusubiri.

Mimi ndiye yule mama wa mayai mwenye pikapu kuukuu. Mume wangu ni fundi magari, au tuseme alikuwa. Jioni moja, akiwa amechuchumaa kando ya barabara ya kwenda shamba la kuku anabadilisha tairi la pikapu yetu, gari lilimgonga kwa nyuma. Hakuona kitu, alizimia palepale. Aliyemgonga akatoweka.

Aliyemwokota ni mdogo wake, shemeji yangu, ambaye tulisema Mungu ndiye aliyempitisha njia ile. Alisimamisha lori, akapanda na mgonjwa, gari lake akaliacha palepale barabarani. Aliporudi kulichukua hakulikuta. Wezi hawana huruma hata na mtu anayeokoa ndugu yake.

Tangu siku hiyo shemeji ndiye mwanamume wa nyumba yetu kwa kazi zote za nguvu. Kila akitoka kazini lazima apite. Analeta unga, anamwogesha kaka yake, anamgeuza. Hata kabla ya ajali alikuwa mtu wa msaada. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alipotaka kujifunza gari, baba yake alimfundisha mara moja tu wakarudi wamenuniana. Nikamwomba shemeji amfundishe, kwa kuwa yeye ana subira. Sasa binti yuko chuoni, mbali, na kila jioni anapiga simu kumjulia hali baba yake, na kila jioni analia.

Na mimi pale hospitalini, mbele ya majirani, niliapa. Nilisema nikimjua aliyemvunja mume wangu nyonga, nitampeleka polisi kwa mkono wangu, awe nani awe nani. Watu wakaitikia. Kuapa ni rahisi ukiwa na hasira.

Wiki iliyopita niliishia pale niliporudi na trei tupu nikamkuta mume wangu amelala usingizi usio wa mtu. Nilimwita, nikamtikisa, nikammwagia maji. Kumbe alikuwa amekunywa vidonge vya maumivu kiganja kizima. Nesi alimhangaikia mpaka akafumbua macho, kisha akanivuta kando. Hakunipaka asali mdomoni.

"Mama, vidonge hivi vikae chini ya ufunguo, na ufunguo ukae kwako. Akizidisha tena, hutamwamsha."

Haya. Hapo ndipo tulipokuwa.

Sasa niambie, wewe ungevificha wapi? Nyumbani kwetu kabati linafungwa kwa kitambaa. Sanduku lenye kufuli? Nimeolewa na mtu anayefungua kufuli kwa msumari huku anakupigia hadithi. Mkobani? Nauza mayai mimi, mkoba wangu unapekuliwa kutwa nzima kutafuta chenji.

Kulikuwa na kitu kimoja tu asichoweza kukifikia: pikapu. Kiti chake kiko juu, na mguu wake haunyanyuki. Tatizo ni kisanduku cha dashibodi. Kitasa chake kilikufa miaka mingi, mfuniko ukawa unashikiliwa na kipande cha mpira wa tyubu. Kila shimo la barabarani ulikuwa unafunguka na kunitemea magotini kila nilichoweka.

Nikaenda kwa Mchinjaji. Hachinji mbuzi, anachinja magari. Uwanja wake umejaa milango, viti na vioo vya magari yaliyokufa, na yeye anakaa katikati kwenye kiti cha basi, anakunywa chai. Nikamweleza shida. Akaingia kwenye lundo, akatoka na dashibodi nzima imekatwa katikati, akaiweka miguuni pangu.

Ilikuwa sawa na yetu. Akaniambia ni za ukoo mmoja, kampuni ile ilitumia dashibodi hiyohiyo kwenye pikapu na kwenye gari dogo. Tofauti ni kwamba hii kitasa chake kilikuwa kizima, cha chuma, chenye tundu la ufunguo. Ufunguo wenyewe haukuwepo.

Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, gari lenyewe lilikufa kwa ugonjwa gani. Akasema hata halikuwa gonjwa. Lilikuja linatembea, bonneti imebonyea kidogo upande mmoja na taa moja imepasuka. Aliyelileta alisimama hapohapo mpaka likakatwa lote, kama mtu anayehakikisha nyoka amekufa. Nikacheka. Mchinjaji naye akacheka, akachukua bisibisi, akaning'olea kitasa changu.

Kutoka hapo nikapita kwa fundi wa funguo. Tunamwita Masizi, kwa sababu vidole vyake havijawahi kuwa na rangi nyingine. Anashika ufunguo mbichi, ambao bado haujachongwa meno, anaupitisha juu ya mshumaa mpaka uwe mweusi, anauchomeka, anaukorogakoroga, anautoa. Panapong'aa ndipo panapogusa, na ndipo anapopiga tupa. Alirudia hivyo mpaka nikachoka kusimama. Mwishowe kitasa kikasema ka! Ulimi ukarudi ndani. Akanikabidhi ufunguo mmoja, nikaufunga kwenye kamba, nikauvaa shingoni.

Kazi ya kukifunga nilidhani ni ya kukaza skrubu mbili. Weee. Tundu la mfuniko wetu lilikuwa dogo, na kitasa cha lile gari kilikuwa kinene kidogo kuliko chetu cha zamani. Nikamwendea fundi wangu kitandani.

Nilimwonea haya, sitadanganya. Namletea mtu kufuli la kumfungia yeye mwenyewe, halafu naomba anifundishe kulifunga. Alinyoosha mkono. "Lete nione," akasema.

Akakigeuza kitasa. Akaubonyeza ulimi, ukaingia, ukatoka. Akakigeuza tena upande wa nyuma, akaangalia springi kwa muda ambao niliona mrefu kwa kitu kidogo vile. Akaniuliza nimekitoa wapi. Nikamwambia kwa Mchinjaji, na nikamsimulia ile hadithi ya bonneti na mtu aliyesimama mpaka gari likakatwa. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Akasema tu kwamba fundi aliyetengeneza springi ile alikuwa na haraka. Kisha akaomba mfuniko uletwe kitandani.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aumie, nilimwona mume wangu wa zamani. Alipanua lile tundu kwa tupa, taratibu, anapuliza vumbi, anajaribu, anapiga tena. Akaniambia kile kipande cha chuma kinachopokea ulimi, kule juu, kitakuwa kimepanda kidogo, nikiwekee vipande vyembamba vya bati chini yake mpaka ulimi ukae. Na akanionya kitu ambacho mafundi wa mitaani husahau. Kitasa cha kuokota hujaribiwa mfuniko ukiwa wazi. Ukiubamiza kwanza na ulimi ukang'ang'ania ndani, utavunja dashibodi kuutoa.

Nikafanya kama alivyosema. Mfuniko wazi, geuza, rudisha, geuza. Nikaongeza bati. Ndipo nikafunga. Kikashika barabara, hata ukipiga ngumi hakitikisiki. Nikaweka vidonge ndani, nikageuza ufunguo. Usiku ule nililala fofofo.

Furaha ya maskini haikai. Haikupita wiki nikaona vidonge vinapungua.

Nilidhani ni macho yangu. Nikawa natia alama ya ukucha kwenye karatasi ya vidonge kila ninapotoa dozi. Kesho yake nafungua, alama iko nyuma, vidonge mbele yake vimeondoka. Na kitasa ni kizima. Mfuniko hauna mkwaruzo. Ufunguo uko shingoni kwangu, nalala nao, naoga nao.

Nikamvaa mume wangu. Nilimwambia najua anatambaa mchana nikiwa naosha trei nyuma ya nyumba, anafungua kwa waya. Nilimwambia maneno ambayo mke hatakiwi kumwambia mume aliye kitandani. Nilimwambia kama anataka kufa afe nikiwa simo ndani ya nyumba hii. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hajashika ile pikapu, na kwamba nisiache kumpa dozi yake ya halali.

Kilichonichanganya zaidi ni usiku. Mtu anayekula vidonge vya ziada si anatulia? Mume wangu alizidi kuumwa. Alikuwa anauma shuka ili nisimsikie, nami nimelala kando yake, namsikia. Asubuhi shuka lina alama za meno.

Basi hasira nikazihamishia kwa Masizi. Nilimvamia kibandani mbele ya wateja, nikamwambia amechonga funguo mbili, mmoja kanipa mimi na mmoja kauuza. Aliniacha niseme mpaka pumzi ikaisha. Hakukasirika. Akanyakua tochi, akanifuata mpaka kwenye pikapu, akachungulia tundu.

"Mama wa mayai," akasema, "ufunguo wangu umechongwa kwa mkono, unakwaruza hapa. Lakini kuna mikwaruzo mipya mahali ambapo ufunguo wangu haufiki. Kitasa hiki kinafunguliwa na ufunguo wake wa kuzaliwa."

 Ufunguo wa kuzaliwa! Gari limechinjwa, limeuzwa vipande vipande, mwenyewe hajulikani, halafu ufunguo wake unatembea nyumbani kwangu?

Nilimwomba Masizi msamaha palepale. Akasema msamaha haujazi tumbo, nimletee mayai. Kisha akachukua grisi, akaichanganya na masizi ya mshumaa wake, akaijaza ndani ya tundu kwa njiti ya kiberiti, akapangusa nje pakawa safi. Akaniambia mimi nisikifungue kabisa. Niangalie tu mikono ya watu.

Siku iliyofuata niliegesha pikapu mahali pake pembeni ya nyumba. Dozi ya siku hiyo nilikuwa nimeitoa kabla Masizi hajajaza grisi. Shemeji akaja kama kawaida yake, na mfuko wa unga begani. Tukasalimiana, akaniuliza biashara, nikamwambia mayai yanapasuka kuliko yanavyouzika. Akacheka, akaingia kwa kaka yake. Mimi nikaenda nyuma na trei zangu.

Niliosha trei ileile mpaka ikaanza kuchanika. Masikio yangu yote yalikuwa mbele. Nikasikia mlango wa nyumba. Nikasikia mlango wa pikapu, ule wa upande wa abiria, unaolia. Kisha ukafungwa polepole, jinsi anavyofunga mtu ambaye hataki usikike.

Moyo uliniambia nitoke mbio nimshike. Nikaendelea kusugua trei. Nikiri hapa, kwa kuwa nimeahidi kusema yote: sikutaka kujua. Mtu huyu ndiye aliyekuwa ananisaidia kumbeba mume wangu chooni.

Nilipoingia, chumba kilikuwa kimetulia. Mume wangu ameegemea mito. Mikono yake iko juu ya shuka, nikaitazama vizuri, safi kama ya mtoto aliyeogeshwa. Shemeji amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi. Mezani, kando ya sukari, aliacha bunda lake la funguo. Wa nyumba, wa geti la kazini, wa kufuli la baiskeli. Na kifunguo kimoja kidogo, cheusi, grisi inang'aa mpaka shingoni.

Nikalichukua bunda. Sikupaza sauti.

"Shemeji, hiki kifunguo ni cha nini?"

Akajibu kabla hajafikiri, jinsi mtu anavyojibu swali la kawaida. "Cha kisanduku cha gari langu lile."

Kisha akaiona rangi yake. Akatazama kidole gumba chake, akakifuta kwenye suruali, kikaacha alama.

Kichwa changu si chepesi, lakini siku ile kilikwenda mbio. Gari lile. Ukoo mmoja na pikapu. Bonneti imebonyea upande mmoja. Taa imepasuka. Mtu amesimama mpaka likakatwa lote.

"Mtu aliyeibiwa gari," nikamwambia, "akikuta kipande chake kwenye pikapu ya shemeji yake, mtaa mzima utamsikia. Atataka kujua nimekitoa wapi, nani alikiuza. Wewe ulikiona ukanyamaza, ukatoa ufunguo."

 Nikageuka kumtazama mume wangu, nikitarajia atashangaa kama mimi. Hakushangaa hata kidogo.

"Ile springi niliiweka mimi," akasema mume wangu. "Kwa spoki ya baiskeli. Mdogo wangu alikuja ana haraka, nikamtengenezea hivyo hivyo. Uliponipa kitasa mkononi nilikijua, mke wangu."

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini aliniacha nitukane watu njiani. Akamgeukia mdogo wake.  Alisema siku ile alijiambia huenda gari liliibiwa kweli, na mwizi ndiye aliyelichinjisha. Akasema moyoni, nitasubiri. Atakiona kitasa, atapiga kelele, nami nitamwomba Mungu msamaha kwa kumdhania vibaya. Akamwambia tu kwamba maumivu yamezidi, na kwamba mimi nimefungia dawa kwenye pikapu. Mdogo wake akatoka, akarudi na vidonge mkononi, hakusema kitu kuhusu kitasa.

Mume wangu akaingiza mkono chini ya mto. Akatoa soksi yake, ile ya mguu usiovaa kiatu tena, akaimimina juu ya shuka.

Vidonge. Vyote. Hakuna hata kimoja cha vile vilivyopotea kilichomezwa.

Usiku wote ule, jamani. Meno yote yale kwenye shuka. Nilikaa chini sakafuni palepale nikalia, sikuona aibu.

"Kila ulipoleta nilikuwa nakupa nafasi," akamwambia mdogo wake. "Nikasema labda leo atasema. Nimechoka sasa, mdogo wangu. Sema."

Nami nikainuka. Kiapo changu cha hospitali kilikuwa kimenipanda kooni. Nilimwambia avae viatu, tunakwenda polisi, na kama hataki kwenda kwa miguu yake nitaita majirani. Nilimwita mnafiki. Nilimwambia unga wake auchukue.

Shemeji hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini hakuwa anamtazama kaka yake. Alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa ya huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitisha.

"Shemeji," akasema, "mimi nitakwenda polisi. Nitasema ni mimi, na nitafungwa mimi. Nilitaka iishie hapo. Lakini kaka amesema niseme."

"Sema," akasema mume wangu.

"Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni. Aliona pikapu ya baba yake imesimama, akafurahi. Akataka amwonyeshe anavyojua kuegesha. Akakanyaga mafuta badala ya breki. Nikamtuma nyumbani kwa miguu kabla lori halijafika."

Hakuna aliyetaja jina. Kwani katika ukoo wetu mzima ni nani aliyekuwa anajifunza gari? Ni nani niliyemwombea mwalimu kwa mdomo wangu mwenyewe, nikasema huyu ana subira?

Mume wangu alikuwa ameshika kidonge kimoja kati ya vidole. Akakirudisha polepole kwenye soksi, kama kitu kinachoweza kupasuka.

Na simu yake ikaanza kulia juu ya shuka, katikati ya vidonge. Ilikuwa saa ya binti yetu kupiga. Nilitaka kuinyakua, niizime, niitupe nje. Shemeji akanishika mkono.

Mume wangu akaipokea.

"Haloo, mwanangu," akasema, kwa sauti ileile ya siku zote. Kisha akanitazama mimi, akawa anamsikiliza mtoto akilia.